Funguo za Sheria: Baraza la Wanne na Ishirini

Katika bahari itenganishayo Uingereza na Ireland kipo kisiwa cha Man. Mwaka 1079 Godred Crovan alikitwaa, na ukoo wake ukatawala Man pamoja na visiwa vya magharibi mwa Uskoti hadi karne ya 13. Watawala hao, wenye asili ya Skandinavia, walifuata desturi ya watu huru kukutana uwanjani na kukata mashauri. Mkutano huo huitwa Tynwald, jina litokanalo na maneno ya kale ya Skandinavia yenye maana ya uwanja wa kukutania. Mswahili hatastaajabu: baraza nalo ni mahali pa kukalia mbele ya nyumba, nalo ni watu wenye kauli.

Mapokeo yasema wajumbe walikuwa 32: 16 wa Man na 16 wa visiwa vingine. Visiwa vikatoka mkononi, na mwaka 1266 Man yenyewe ikakabidhiwa mfalme wa Uskoti. Wajumbe wakabaki 24. Kimanksi kikawaita Kiare as Feed, yaani wanne na ishirini. Kiingereza kikawaita Keys, yaani funguo. Wako wanaoona kuwa sikio la mgeni lilikosea kiare. Lakini waraka wa Kilatini wa mwanzoni mwa karne ya 15 nao wawaita funguo za sheria.

Jina hilo liliwastahiki. Sheria nyingi hazikuandikwa. Zilihifadhiwa vifuani mwa waamuzi, na mtawala alipotaka kuzijua aliwauliza wao na wale 24. Hapo pana nguvu, pana na hatari. Kumbukumbu iliyomzuia mtawala kujitungia sheria apendavyo iliweza pia kumfungia mnyonge mlango, kwani wajumbe hawakuchaguliwa kwa kura ya watu hadi ilipopita sheria ya 1866.

Kinga ya mnyonge ilikuwa sauti: sheria kutangazwa hadharani. Hadi leo, kila Julai, sheria mpya hutangazwa kilimani St John's kwa Kimanksi na Kiingereza; isiyotangazwa ndani ya miezi 18 hubatilika. Ned Maddrell, wa mwisho katika wale waliokua na Kimanksi tangu utotoni kabla hakijafufuliwa, alifariki mwaka 1974, lakini lugha yake ingali inasikika kilimani pale. Basi tuipime sheria yoyote kwa swali hili: je, imesomwa kwa lugha ya wale itakaowafunga?