Kwa nini sheli bado inasakinisha

Vijana ninaowafundisha kutunza seva huniuliza swali lile lile kila mara: kwa nini skripti za kusakinisha vifurushi vya Debian zimejaa sheli, lugha kongwe yenye alama za kuchosha macho, ilhali Python ipo na inasomeka? Huwajibu kwa historia.

Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo wa Linux, mwaka 1993. Dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vyake, ilianza ikiwa skripti ya sheli, ikaandikwa upya kwa Perl, kisha Ian Jackson akaihamishia kwenye C. Skripti zinazobebwa ndani ya vifurushi, yaani preinst, postinst, prerm na postrm, nyingi zilibaki kwenye sheli. Debian ina kundi la vifurushi vya lazima, ambavyo hutakiwa kufanya kazi hata kabla havijamaliza kusanidiwa. Sheli imo. Perl imo pia kwa umbo lake dogo, perl-base. Python haimo. Sasa chukulia umeme umekatika katikati ya kupandisha toleo: maktaba nyingine mpya, nyingine za zamani. Skripti inayotegemea Python yaweza kukuta Python yenyewe ndiyo imeachwa nusu. Fundi hasimami juu ya ngazi anayoibomoa.

Sheli nayo ilileta mgogoro wake. Kwa miaka mingi /bin/sh, sheli ya msingi, ilikuwa Bash, na waandishi wakazoea nyongeza zake, kama mabano mraba mawili mawili. Ubuntu 6.10, mfumo uliojengwa juu ya Debian, ikahamia sheli nyingine, Dash, mwaka 2006 kwa kuwa ni nyepesi na ina kasi zaidi. Debian ikafuata kwenye toleo la 6.0, mwaka 2011. Skripti zilizojitangaza kuwa za sh huku zikitumia mambo ya Bash zikakwama, na watu wa kujitolea wakazisafisha moja baada ya nyingine. Kazi ile naiheshimu mno.

Upande wa RPM, mfumo mwingine wa vifurushi, walikutana na tatizo gumu zaidi. Skripti ya pretrans hutangulia kila kitu, na kwenye mashine mpya hata sheli bado haijafika. Wakapachika Lua, lugha iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, ndani ya RPM yenyewe.

Kwa hiyo wewe unayeandika postinst yako ya kwanza: tumia sh ya kawaida, weka set -e ili isimame amri ikishindwa, hakikisha skripti ikirudiwa haiharibu kitu, na uipitishe kwenye checkbashisms, kikaguzi cha mambo ya Bash, kabla hujamkabidhi mtu.