Sarafu za Mjane na Mpaka wa Sura: Mfululizo wa Mafundisho ya Yesu katika Marko na Luka

Katika Injili nne, mbili tu, ya Marko na ya Luka, zina habari ya mjane maskini aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina ya Hekalu, hali matajiri walikuwa wakitia nyingi. Habari yenyewe ni fupi, aya nne katika kila kitabu. Hata hivyo wahubiri wameitumia sana, na hasa siku za kuchanga sadaka, wakimweka mjane huyo mbele ya watu kuwa kipimo cha ukarimu. Yohane Krisostomo alimtumia hivyo tangu karne ya 4, na waliomfuata hawakuona haja ya kuuliza zaidi.

Lakini swali lipo. Yesu alipowaita wanafunzi wake na kuwaambia kuwa mwanamke yule alitoa riziki yake yote, alikuwa akimsifu au akimsikitikia? Maneno yake hayatoi jibu. Hakuwaagiza wanafunzi waende wakafanye vivyo hivyo, wala hakusema kuwa mjane amedhulumiwa. Alilinganisha tu: wale walitoa katika wingi wa mali, huyu katika uhitaji wake. Basi maana ya ulinganisho huo hapana budi itafutwe katika maneno yanayoutangulia na yanayoufuata. Na hapo ndipo msomaji anapokutana na kizuizi ambacho si Marko wala Luka aliyekiweka.

Kizuizi hicho ni mpaka wa sura. Waandishi wa Injili hawakugawa vitabu vyao kwa sura na aya zijulikanazo leo. Nakala za Kiyunani za zamani, kama ile ya karne ya 5 iitwayo Codex Alexandrinus, zina mgawanyo mwingine, wa mafungu yenye vichwa vyake. Injili ya Marko ilikuwa na mafungu 48 ya namna hiyo, na moja lilipewa kichwa cha mwanamke wa sarafu mbili. Yaonekana, basi, kwamba tabia ya kumtenga mjane na jirani zake ni ya kale kuliko sura zenyewe. Mafungu yale yaliwekwa ili msomaji apate upesi mahali anapopatafuta. Lakini kitu kilichopewa jina lake huanza kuonekana kuwa kinajitosheleza.

Mgawanyo wa sura utumikao sasa ulienea kutoka Paris mwanzoni mwa karne ya 13, na kwa desturi huhesabiwa kuwa ni kazi ya Stephen Langton, aliyefundisha huko kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207. Wako wataalamu wanaosema kuwa mgawanyo huo ulianza Uingereza kabla yake. Kwa jambo lililo mbele hapa haidhuru. Aya zenye namba katika Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne katika toleo lake la mwaka 1551. Mwanawe Henri alisimulia kuwa babaye aliifanya kazi hiyo katika safari ya kutoka Paris kwenda Lyon, na tangu hapo wenye mzaha wamedai kuwa kila aya iliyokatwa vibaya ni kosa la farasi kujikwaa. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa Geneva mwaka 1560 ikazidisha jambo kwa kuifanya kila aya ianze mstari wake peke yake. Tafsiri za Kiswahili, ile ya Kimvita ya mwaka 1914 na ile ya Muungano ya mwaka 1952, ziliurithi mgawanyo huo wa sura na aya pamoja na kitabu chenyewe.

Sasa na itazamwe habari ya mjane ilivyokatwa. Mfululizo wa Marko na wa Luka ni mmoja: kwanza Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wapendao mavazi marefu na viti vya mbele, ambao hula nyumba za wajane na kusali sala ndefu; kisha anamwona mjane akitia sarafu zake; kisha mawe ya Hekalu yanasifiwa, naye anasema kuwa hakuna jiwe litakalobaki juu ya jiwe. Mambo matatu, yakifuatana bila jingine kuingia kati. Katika Marko mkata sura aliweka mpaka baada ya mjane, naye akabaki pamoja na waandishi mwishoni mwa sura ya 12, akitengwa na anguko la Hekalu linaloanza sura ya 13. Katika Luka aliuweka mpaka kabla ya mjane, naye akahamia sura ya 21 pamoja na Hekalu, akiwaacha waandishi nyuma katika sura ya 20. Habari ni ile ile, na utaratibu ni ule ule, ila kila kitabu kimekatwa mahali pake. Msomaji wa sura moja moja humpata mjane na nusu ya mazingira yake: kwa Marko anayo sababu asiyoiona hatima yake, kwa Luka anayo hatima asiyoiona sababu yake.

Kwamba Luka hakukusudia kuanza jambo jipya hapo, lugha yake yashuhudia. Sentensi ya kwanza ya sura ya 21 katika Kiyunani yasema tu kuwa aliinua macho akaona. Jina la Yesu halimo. Ni nani aliyeinua macho, msomaji hawezi kujua asiporudi nyuma katika sura iliyopita, na huko atamkuta Yesu akimaliza maneno yake juu ya waandishi. Kiswahili kimejaliwa chombo kinachofaa sana hapa, nacho ni kiambishi -ka-, kinachofungamanisha tendo na tendo lililotangulia. Mfasiri aandikapo "akainua" mwanzoni mwa sura, sarufi yenyewe inalipinga pengo lililo juu yake katika ukurasa, kwa kuwa msimulizi wa Kiswahili haanzi habari yake kwa -ka- pasipo jambo la kuitegemeza.

Katika Marko kuna ushahidi wa upande wa pili. Nakala za kale zilizo bora, Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, zasema kuwa aliketi kuielekea hazina, bila jina. Nakala nyingi za baadaye zimeongeza jina la Yesu. Yamkini waliouongeza walifanya hivyo kwa sababu habari ilikuwa ikisomwa kanisani kama kipande kinachoanzia hapo, na kipande kilichotengwa hakina budi kumtaja mtendaji wake. Neno moja likaongezwa ili kuziba mahali palipokatwa, na kuongezwa kwake ndiko kunakopaonyesha.

Maneno yenyewe pia yamefungamana. Neno la Kiyunani la mjane, chera, hutajwa mwishoni mwa onyo juu ya waandishi, na mara hutajwa tena katika habari inayofuata. Waandishi hula nyumba za wajane. Na mjane atokeapo, inasemwa kuwa alitia bios yake yote, yaani riziki yake, kile anachoishi kwacho. Katika Luka maneno mawili hayo, kula na bios, yalikwisha kukutana mahali pengine: katika mfano wa mwana mpotevu, ndugu mkubwa amlaumupo mdogo wake kwa kuila bios ya baba yao pamoja na makahaba. Aliyesoma Luka tangu mwanzo hawezi kusikia habari ya nyumba zilizoliwa, kisha ya bios iliyokwisha, akadhani kuwa ni mambo mawili yasiyojuana.

Na mfululizo waanza mbali zaidi. Katika sura ya 11 ya Marko, Yesu anapowafukuza wafanya biashara Hekaluni, anatumia maneno ya nabii Yeremia juu ya pango la wanyang'anyi. Maneno hayo yametoka katika sura ya 7 ya Yeremia, na katika hotuba hiyo hiyo nabii aliwataka watu wasimwonee mgeni, yatima wala mjane, akawatishia kuwa nyumba ile itatendwa kama ilivyotendwa Shilo. Wajane walioonewa na Hekalu litakaloanguka walikuwa wameungwa pamoja karne nyingi kabla ya Marko. Luka kwa upande wake aongeza jambo dogo lenye uzito: wale waliolisifu Hekalu walisifu mawe yake mazuri na pia sadaka zilizolipamba. Mara baada ya habari ya sadaka ya mjane, sadaka zatajwa tena, nazo zi katika vitu ambavyo havitabaki. Mishna, iliyokusanywa zaidi ya miaka mia moja baada ya Warumi kulibomoa Hekalu mwaka 70, yakumbuka kuwa masanduku ya fedha Hekaluni yalikuwa 13, yenye umbo la tarumbeta. Katika moja ya hayo, kama kumbukumbu hiyo ni sawa, riziki ya mjane iliingia.

Kwa sababu kama hizo Addison Wright, katika makala yake ya mwaka 1982, alidai kuwa maneno ya Yesu ni maombolezo wala si sifa: mjane amefundishwa na walimu wa dini atoe alicho nacho chote, na Yesu, aliyekwisha kuwakemea katika Marko sura ya 7 wale waliotumia nadhiri ya korbani kuwanyima wazazi haki yao, hangeweza kulifurahia jambo hilo. Hoja hiyo ina nguvu, na wengi waliozoea mahubiri ya sadaka hawajaijibu. Lakini nayo yakata mfululizo mahali pake. Elizabeth Struthers Malbon, akiandika mwaka 1991, alionyesha kuwa mjane ana majirani wengine. Hotuba ya Yesu juu ya mwisho, iliyo katika sura ya 13 ya Marko, imewekwa kati ya wanawake wawili wasiotajwa majina: mbele yake mjane aliyetoa yote, nyuma yake mwanamke aliyemmiminia Yesu marhamu ya thamani, akatetewa kuwa ametenda alivyoweza. Na baada yao anakuja yeye mwenyewe kuutoa uhai wake. Anayesoma hivi hawezi kusema kuwa mjane ni mtu wa kusikitikiwa tu.

Hukumu iliyo ya haki, basi, ni kwamba heshima ya mjane na mashtaka juu ya waliomfikisha hapo husimama pamoja, na kwamba kumsifu huku mashtaka yamefichwa ni kusoma kitu ambacho Marko hakukiandika. Hilo si jambo la wataalamu peke yao. Mwimamizi wa fungu la kanisa anayewahimiza maskini kwa mfano wa mjane, naye ameanzia Luka 21:1, amesimama karibu sana na mahali walipokuwa waandishi wa aya iliyotangulia.

Katika utaratibu wa masomo ya Misa uliotolewa na Kanisa Katoliki mwaka 1969, habari hii husomwa Jumapili ya 32 ya mwaka B, pamoja na ile ya mjane wa Sarepta aliyemlisha Eliya. Somo la Injili limewekwa kwa namna mbili, na msomaji ana ruhusa ya kuchagua. Lile refu laanza Marko 12:38, kwa onyo juu ya waandishi. Lile fupi laanza aya ya 41, Yesu akiwa amekwisha kuketi kuielekea hazina.