Chaji ya Mbao: Historia Fupi ya Kutafuta Soketi

Kuna bei moja Kenya imekataa kuzeeka: mbao. Miaka ya 2000 kuchaji simu kwa kibanda cha sokoni ilikuwa kati ya shilingi 10 na 30, lakini muulize mtu yeyote aliyekaa ushago wakati huo, atakuambia mbao. Tangu hapo fea imepanda, mandazi imepanda, unga hata tusiongee. Na bado leo simu ikikuzimia mtaani, ukipata mama wa kibanda mwenye soketi, kuna uwezekano mkubwa atakuambia "leta mbao."

Nimejiuliza sana hiyo mbao hulipia nini. Jibu la haraka ni stima. Si kweli, na nitakuonyesha kwa hesabu. Lakini lazima tuanzie kwa betri ya gari.

Kabla ya simu kulikuwa na TV. Miaka ya 80 na 90, familia nyingi za mashambani zilizotaka kuona habari au mpira zilinunua TV ndogo isiyo ya rangi na kuiunganisha na betri ya gari. Betri ikiisha inafungwa kwa keria ya baiskeli, inapelekwa sokoni kwa mtu mwenye stima au jenereta, inaachwa huko ijae, halafu safari ya kurudi. Waliojiweza kidogo waliweka paneli ya sola juu ya mabati. Kwa hivyo simu za mkononi zilipofika, mfumo wote ulikuwa tayari: betri, baiskeli, paneli, na msee mmoja wa soko anayejua mambo ya waya. Mtu asikudanganye eti teknolojia ilikuja ikatukuta tumekaa tu.

Mwaka 2000 Safaricom na KenCell walianza kushindania wateja. Miaka kumi baadaye nchi ilikuwa na laini zaidi ya milioni 20. Sasa weka hiyo kando ya stima: mwaka huo wa 2000, Wakenya waliokuwa na umeme nyumbani hawakufika 20 kwa kila 100. Busta za network zilifika mahali nguzo ya stima haijawahi kuonekana, na nyingi za hizo busta ziliendeshwa na jenereta za dizeli. Yaani tulipewa simu kwanza. Soketi tukaambiwa tungoje.

Hapo ndipo kibanda cha kuchaji kilizaliwa. Siku ya soko unaacha simu asubuhi, jina lako linaandikwa kwa plasta na kubandikwa nyuma, au unapewa karatasi yenye namba. Wajanja walitoa laini wakabaki nayo mfukoni, maana simu unaweza kumwachia mtu lakini salio ni lako. Mezani kulikuwa na waya wenye vichwa vingi kama pweza: pini nene ya Nokia za zamani, pini nyembamba ya zile za baadaye, kichwa cha Motorola, kichwa cha Samsung. Jioni unarudi, unalipa, unaenda nyumbani na simu imejaa.

Na ilikaa. Nokia 1100, ile tuliita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, ilitoka 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Betri yake ilikuwa mAh 850 peke yake, na Nokia walisema ikiwekwa tu bila kuongea inaweza kufika saa 400. Hizo ni zaidi ya wiki mbili. Kwa mtu anayeenda soko mara moja kwa wiki, hiyo ndiyo ilikuwa simu. Rangi na kamera zilikuwa mambo ya watu wa mjini.

Sasa ile hesabu. Betri ya mAh 850 inabeba nguvu ya kama wati-saa 3. Ongeza ile inayopotea kwa waya na chaja, tuseme 5. Uniti moja ya stima ni wati-saa 1,000. Kwa hivyo uniti moja inajaza mulika mwizi mara 200. Mara 200 kwa mbao ni shilingi 4,000. Msee, leo uniti ya nyumbani haifiki hata shilingi 40. Mkulima wa ushago alikuwa analipa stima zaidi ya mara mia moja ya bei ambayo mtu wa mjini analipa akiwa amelala.

Usimkasirikie mwenye kibanda. Yeye alinunua betri, paneli, waya wa pweza, akalipa kodi ya kibanda, na simu ikipotea ni shingo yake. Mbao haikuwa bei ya stima. Ilikuwa bei ya umbali kati yako na soketi. Anayekaa mbali analipa zaidi, na kwa kawaida anayekaa mbali ndiye hana.

Halafu Machi 2007 M-Pesa ikaanza, na maana ya "simu imezima" ikabadilika. Mwaka 2004 simu ikizima umekosa salamu. Mwaka 2010 ikizima umekosa pesa uliyotumiwa ya fees, au pesa ya hospitali. Kile kibanda sasa kilikuwa kinafungua pochi za watu.

Watu wa biashara waliona hiyo mbao inayotoka kila wiki. Mwaka 2012 M-KOPA walianza kuuza sola ya nyumbani kwa deni: paneli ndogo, taa, na waya wa kuchaji simu, unalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, kama finje hivi. Usipolipa, inajizima yenyewe. Angalia huo mzunguko: simu inalipia stima inayochaji simu. Serikali nayo mwaka 2015, kwa mradi wa Last Mile, ilishusha bei ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba nyingi zikapata taa. Vibanda vingi vya kuchaji vikageuka kuwa vya M-Pesa na vya kuuza kava za simu.

Ungedhani stori inaishia hapo. Lakini wakati stima inafika ushago, simu yenyewe ilikuwa imebadilika.

Mwaka 2011 Huawei IDEOS iliuzwa hapa kwa kama shilingi 8,000, na kwa wasee wengi hiyo ndiyo ilikuwa smartphone ya kwanza. Tangu hapo betri zimekua. Simu ya kawaida leo ina mAh 5,000, karibu mara sita ya mulika mwizi. Lakini mulika mwizi ilikaa wiki na yako haifiki saa kumi jioni. Betri bado ni ya lithiamu, ukoo uleule ambao Sony walianza kuuza 1991, na huo ukoo unaboreka polepole. Kioo, data, GPS na video havijui polepole. Kila nguvu mpya tuliyopewa, kuna programu iliyoingia kuikula.

Halafu wakafunga mlango wa nyuma. Zamani betri ilitoka. Ungebeba ya pili mfukoni, au uichaji kwa ile chaja ya kubana betri tuliyoita desktop. iPhone ya 2007 ilikuja na betri isiyotoka, na kufikia 2015 hata Samsung waliifunga ile ya Galaxy S6. Kitu ulichokuwa unabadilisha kwa sekunde kumi kikawa kitu cha fundi. Ndipo sote tukaanza kubeba pawabanki, yaani betri ya pili, ila sasa ni nzito na ina waya. Na ukinunua iliyoandikwa 10,000, usitarajie 10,000. Nguvu inapotea ikibadilishwa kufika kwa simu, kwa hivyo utapata kama 6,000. Hiyo ni kujaza simu yako mara moja na kitu kidogo.

Sasa turudi mjini, kwa sababu kuna watu wanadhani hii ni hadithi ya ushago na imeisha.

Mjini umbali wa soketi haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa ruhusa. Soketi iko pale ukutani, unaiona, lakini iko nyuma ya kahawa ya shilingi 300. Iko kwa ofisi ambayo askari wa mlango hatakuruhusu uingie. Mimi natengeneza video kwa simu na nazunguka tao mchana kutwa, kwa hivyo naijua ramani ya soketi za Nairobi kuliko naijua ya mitaa. Na mimi nina nafuu, naweza kukaa chini na kungoja. Mwangalie kijana wa pikipiki anayepeleka chakula. Simu iko kwa usukani juani, mwangaza umewekwa mwisho, ramani inafanya kazi, oda zinaingia kwa programu, mteja anapiga, malipo ni M-Pesa. Ikizima saa tisa, siku ya kazi imeisha saa tisa. Hakuna anayemlipia chaji. Anaitoa kwa mfuko wake, ile ile mbao.

Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi karibu yote, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Kwa saa kadhaa Nairobi nzima ilikuwa ushago ya 2004: kila mtu anaangalia asilimia zake, anapunguza mwangaza, anauliza nani ana jenereta. Na 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya mswada wa fedha, kilichobebwa na vijana tao kilikuwa maji, bendera na simu. Simu ndiyo ilikuwa kamera, ramani na njia ya kumwambia mamako uko hai. Waliokuwa huko wanajua asilimia 8 inahisi vipi.

Kuna kitu kingine kidogo. Mwaka 2020 Safaricom walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, unachukua smartphone kwa deni na kulipa kuanzia shilingi 20 kwa siku. Mbao tena. Wakati mmoja mbao ilijaza betri, sasa inalipia simu yenyewe, na usipolipa simu inafungwa. Wanajua sana mfuko wetu unatoa nini kwa siku.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema kukaa na chaji ni nidhamu, eti ungechaji usiku, namwuliza kama amewahi kukaa nyumba ambayo tokeni zimeisha tarehe 20. Nidhamu inasaidia, sikatai. Lakini miaka 25 ya hii stori inaonyesha kitu kimoja: mtu aliye mbali na soketi ndiye amekuwa akilipa zaidi, na biashara zimejengwa juu ya huo umbali.

Na kuufupisha si ghali. Chukua simu ya leo ya mAh 5,000. Ukihesabu na ile inayopotea, kuijaza ni kama wati-saa 25. Watu 100 wakijaza simu zao kutoka sifuri, hiyo ni uniti mbili na nusu, haifiki shilingi 100. Kaunti inawasha taa za barabarani usiku kucha. Haiwezi kushindwa kuweka soketi kumi kwa steji, kwa maktaba, kwa soko, na mtu wa kuziangalia.

Mkitafutwa kura 2027, mtaahidiwa hadi uwanja wa ndege. Ulizeni kuhusu soketi. Na mpaka ziwekwe, mama wa kibanda mlipeni mbao yake bila kubishana.