Kabla ya simiti, Mombasa ilisimama juu ya chokaa

Mwaka 2025 jengo la ghorofa mtaani Kizingo lilididimia, majirani wakahamishwa, na mwishowe likaangushwa kwa vilipuzi. Vumbi lilipotua yakaulizwa yale yale yanayoulizwa kila jengo likianguka Kenya: nani aliidhinisha, simiti ilikuwa kiasi gani, vyuma vilikuwa vya unene gani. Lakini vibarazani Makadara, Mombasa, wazee walikuwa na lao: kisiwa hiki ni mwamba mtupu, sasa jengo lididimie wapi?

Mwamba upo, ila haukushikana. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na maji ya mvua yameyatafuna yakaacha mapango na matundu. Juu ya hayo, vizazi na vizazi vimechimba visima na mashimo ya vyoo, vikayafukia na kuyasahau. Pembe moja ya kiwanja sururu inagonga jiwe, pembe ya pili inazama. Nyumba ya zamani, fupi na yenye kuta nene, iliweza kuhimili hali hiyo. Ghorofa lililobebwa na nguzo chache haliwezi, mpaka ardhi itobolewe ipimwe kwanza.

Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 alikuta misikiti ya mbao, akaisifu kwa ufundi. Wareno walipokuja kuuteketeza mji mwaka 1505 walikuta nyumba za mawe na chokaa, nyingine zenye ghorofa, na moto ulienea kwa sababu ya makuti ya vibanda vilivyobanana katikati yake. Kisha ikaja Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Haikuchimbiwa msingi: iliketishwa juu ya ukingo wa matumbawe, na upande wa bara handaki likachongwa kwenye mwamba wenyewe. Ilizingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa, kuta zilibaki.

Mengi tunayoyajua kuhusu ngome hiyo yanatoka kwa James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeichimbua kuanzia 1958. Kwa sababu hiyo kila hadithi ya ujenzi Mombasa huishia kwenye mizinga na Mreno. Wasimulizi husahau kwamba Kirkman huyo huyo alichimbua Gede, mji wa mawe uliotangulia jahazi lolote la Ureno.

Ukuta wa kale ukivunjwa Makadara kupisha ghorofa, sogea uutazame kabla lori halijafika. Unene wake ni karibu nusu mita. Mawe hayana umbo, yamepangwa yakijazana, na katikati yake chokaa nyeupe inasagika kwa kidole. Ndani ya chokaa hiyo mna vipande vyeusi vya makaa, alama ya tanuu.

Na tanuu ilikuwa shughuli. Magogo yalipangwa duara, safu juu ya safu, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, ukawashwa moto kutoka katikati. Jiwe la chokaa likifika kiasi cha nyuzi 900 linatoa hewa yake ya kaboni, linabaki jepesi, jeupe, lenye kiu. Likipata maji linachemka na kufumuka kuwa unga. Fundi mwenye subira aliiacha chokaa ilale miezi kabla ya kuigusa. Ikishajengewa, hurudi polepole kuwa jiwe kwa kunyonya ile hewa iliyoipoteza motoni.

Sakafu ya ghorofani ndiyo iliyokusanya watu. Boriti za mikoko zililazwa karibu karibu, mawe bapa yakatandazwa juu, kisha chokaa iliyochanganywa na kokoto. Hapo wakaitwa watu wenye vipande vya mti, wakaipigapiga kwa nyimbo siku hata siku mpaka ishikane. Ni zege kamili, bila chuma hata kimoja. Uzito wote ulibebwa na boriti, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vya Waswahili vikawa virefu na vyembamba.

Simiti ilianza kuja kwa meli, na mwaka 1954 kiwanda cha Bamburi kikaanza kuipika hapa hapa. Malighafi ni matumbawe yale yale, safari hii yakichomwa pamoja na udongo kwa nyuzi zipatazo 1,450. Inashika kwa saa, inabeba mizigo ambayo chokaa haiwezi kuiota, na sina ugomvi nayo inapokaa mahali pake. Tatizo ni lipu ya simiti juu ya ukuta wa chokaa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta, kisha mwenye nyumba anaambiwa nyumba yake imezeeka. Zege la chuma nalo lina adui yake hapa: chumvi. Mchanga wa pwani usiooshwa unaingia na chumvi yake, chuma kinashika kutu na kuvimba, zege linapasuka.

Tangu hapo yamekuja makaratasi. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa, Fort Jesus ikaingia orodha ya UNESCO mwaka 2011, na sheria ndogo za ujenzi za 1968 zikangoja zaidi ya nusu karne kupata mrithi. Machimbo ya Bamburi yalipandwa mivinje na René Haller kuanzia 1971, na leo watoto wa shule hulipa kiingilio kuona twiga pale lilipochimbwa jiwe la simiti. Tanuu za chokaa zilizojenga Mji wa Kale sijaziona zikiwekewa hata kibao, na mwenye nyumba Makadara anayetaka kurekebisha ukuta wake sawasawa lazima kwanza amtafute fundi ambaye bado anajua chokaa huchanganywaje.