Mafunjo ya Lufira

Kata shina la funjo ulitazame: lina pembe tatu, ganda la kijani, na ndani mna sponji nyeupe iliyojaa hewa. Hewa hiyo hushuka hadi mizizini, ndiyo maana mmea huu husitawi kwenye tope lisilo na oksijeni na kumpita mtu kimo mara mbili.

Katanga, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haina bahari. Kazi ambayo nyasi za baharini huifanya pwani ya Zanzibar, Katanga hufanywa na mafunjo na matete ya Ziwa Tshangalele, lililotokea mwaka 1930 Mto Lufira ulipozibwa kwa bwawa la Mwadingusha. Mashina hupunguza kasi ya maji, tope likatua. Vifaranga vya samaki waitwao makobo hujificha humo wasiliwe. Wakikua, ndio kitoweo cha miji ya Likasi na Lubumbashi. Mto Panda, upitao Likasi, huleta ziwani metali za viwanda vya shaba. Kinamasi hiki cha mafunjo hunasa sehemu ya metali hizo, si zote, na hilo si ruhusa ya kuchafua.

Bonde la Lufira liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2017. Ukifika huko, tafadhali usichome mafunjo.