Réunion: Kisiwa kilichoipigia kura televisheni

Tarehe 22 Machi 1992 wapiga kura wa kisiwa cha Réunion waliviruka vyama vyote vikubwa, wakampa kura zao daktari mmoja aliyekuwa na kituo cha televisheni kisicho na leseni. Orodha ya wagombea ya Camille Sudre, iliyobeba jina la kituo chenyewe, Free Dom, ilipata viti 17 kati ya 45 vya Baraza la Mkoa. Hakuna orodha nyingine iliyoifikia. Wafuasi wa Jenerali de Gaulle, Wasoshalisti na Wakomunisti, waliokuwa wakigombania kisiwa kile tangu vita kuu ya pili ilipomalizika, walibaki kugawana kilichosalia.

Ni rahisi kukiona kitendo kile kuwa kioja cha watu wa visiwani waliolewa na runinga. Kwa maoni yangu, ilikuwa hukumu. Watu ambao kura zao ziliibwa kwa miaka mingi, na ambao hawakuwa na mahali pa kusikika kwa lugha yao ya Krioli, walipata siku moja sanduku lisilochezewa na mtu waliyemwona kuwa wao. Wakalitumia.

Réunion iko katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, takriban kilomita 700 mashariki ya Madagaska. Ina wakazi wanaokaribia 900,000, inatumia euro na inapeleka wabunge Paris, kwa kuwa kisheria ni Ufaransa kamili. Wahenga wa wengi wao walifikishwa huko kwa minyororo kutoka Madagaska, Msumbiji na mwambao wetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Utumwa ulipokomeshwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, walioachiwa huru walikuwa zaidi ya 60,000. Wazao wao huitwa Kaf mpaka leo, na wanaishi pamoja na wazao wa vibarua wa Kihindi walioletwa kukata miwa, Waislamu wa asili ya Gujarat, Wachina, na Wazungu maskini wa milimani.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa kwamba walioomba kisiwa kiwe jimbo la Ufaransa, badala ya koloni, ni watu wa mrengo wa kushoto. Daktari Raymond Vergès na Léon de Lépervanche, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, walikwenda bungeni Paris mwaka 1945 wakiwa na hoja nyepesi: kama sisi ni Wafaransa, basi mishahara, hospitali na shule viwe vya Kifaransa. Sheria ya tarehe 19 Machi 1946 iliwakubalia. Matajiri wa miwa hawakufurahi. Miezi miwili baadaye, katikati ya kampeni, mwanasiasa wa upande wa kulia Alexis de Villeneuve alipigwa risasi akafa mbele ya kanisa kuu la Saint-Denis. Paul, mtoto wa Raymond Vergès, kijana wa miaka 21, alishtakiwa na kuhukumiwa mjini Lyon kifungo cha miaka mitano cha nje, kisha akasamehewa. Jina hilo la Paul Vergès litaiandama siasa ya kisiwa kwa miaka sabini.

Usawa ulioahidiwa ulichelewa, na kura zikawa mzaha. Katika miaka ya 1950 na 1960 masanduku yalifika vituoni yakiwa yameshajazwa. Majina ya marehemu yalibaki daftarini nao "wakapiga kura" kama walio hai. Mawakala wa upinzani walitupwa nje ya mlango, na huko nje walisubiriwa na vijana wa kukodi wenye marungu, ambao wenyeji waliwaita nervi. Prefe, yaani mwakilishi wa serikali kuu kisiwani, aliangalia pembeni, na mara nyingine yeye ndiye aliyepanga nani ashinde.

Kutokana na uozo huo akaingia mtu mzito kuliko wote. Michel Debré, waziri mkuu wa de Gaulle hadi Aprili 1962, alikosa ubunge huko kwake Ufaransa mwezi Novemba mwaka huo. Kule Réunion ushindi wa mbunge mmoja ulikuwa umebatilishwa, kiti kikawa wazi. Mei 1963 Debré akasafirishwa kuja kugombea, akashinda kwa kishindo, akakikalia kiti hicho hadi 1988.

Debré aliamini kwamba neno "kujitawala" ni sumu. Akiwa bado waziri mkuu, serikali yake ilitoa amri ya Oktoba 1960 iliyoruhusu mtumishi wa umma anayetuhumiwa kuvuruga utulivu katika majimbo ya ng'ambo arudishwe Ufaransa bila kufikishwa mahakamani. Walimu na maofisa kadhaa wa Réunion waling'olewa hivyo, na amri ikadumu hadi 1972. Kisha ikaja sera ya kuwahamishia Ufaransa vijana wasio na kazi kupitia shirika la serikali lililoitwa BUMIDOM, na pamoja nao, kwa mkono wa idara ya ustawi wa jamii, watoto zaidi ya 2,000 waliochukuliwa kati ya 1962 na 1984 wakasambazwa katika vijiji vilivyokuwa vikipungukiwa na watu, hasa wilaya ya Creuse. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Bunge la Ufaransa lilikiri wajibu wa kimaadili wa dola mwezi Februari 2014 tu. Ukweli mwingine nao lazima usemwe: ni Debré huyo huyo aliyesukuma ujenzi wa shule, chakula cha mchana kwa wanafunzi na maziwa kwa watoto, na wapo wazee wa Réunion wanaomkumbuka kwa shukrani. Sitawabishia. Lakini mtoto aliyeshibishwa shuleni alikuwa na haki pia ya kumwona baba yake akipiga kura bila kupigwa marungu.

Upande wa pili alisimama Paul Vergès na Chama cha Kikomunisti cha Réunion, kilichoundwa mwaka 1959 kikidai kisiwa kijiendeshee mambo yake kikiwa bado ndani ya Ufaransa. Gazeti lao, Témoignages, lilikamatwa mara kadhaa. Mwaka 1964, akitafutwa kwa makosa ya uandishi, Vergès alitoweka. Kwa zaidi ya miaka miwili polisi walimsaka katika kisiwa ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa gari ndani ya siku moja, na hawakumpata hadi alipojitokeza mwenyewe. Asiyekuwa na watu hawezi kujificha hivyo.

Mambo yalibadilika François Mitterrand alipoingia Ikulu ya Paris mwaka 1981. Wakomunisti wa Réunion waliweka kando dai la kujitawala, na serikali mpya ikaja na ugatuzi. Mpango wa kwanza ulikuwa kila jimbo la ng'ambo liwe na baraza moja tu. Baraza la Katiba likaukataa mwezi Desemba 1982, ndipo yakapatikana maajabu yanayoendelea hadi leo: kisiwa kimoja, ardhi ile ile, watu wale wale, lakini mabaraza mawili. Baraza la Jimbo linashika misaada ya kijamii; Baraza la Mkoa linashika barabara kuu, shule za sekondari za juu na uchumi. Kila moja lina rais wake, bajeti yake na waajiriwa wake.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Mkoa ulifanyika tarehe 20 Februari 1983, miaka mitatu kabla ya mikoa ya Ufaransa bara kupiga kura ya namna hiyo. Jambo kubwa kwangu ni namna kura zilivyohesabiwa. Viti viligawanywa kwa uwiano wa kura kisiwa kizima, hivyo bwana mkubwa wa tarafa moja hakuweza tena kulimeza baraza kwa kujaza masanduku ya kwake. Wakomunisti, waliozoea kuhesabiwa kama wahaini, walimpata rais wa kwanza wa mkoa, Mario Hoarau. Mwaka 1986 upande wa kulia ulikirudisha kiti kupitia Pierre Lagourgue. Mlango, hata hivyo, ulikuwa umeshafunguliwa.

Sudre alipita mlango huo. Mzaliwa wa Morocco aliyehamia Réunion kufanya udaktari, alianzisha Redio Free Dom mwaka 1981, wakati mawimbi yote yalikuwa ya serikali. Siri yake ilikuwa simu. Mtu yeyote alipiga akaingia hewani moja kwa moja, kwa Krioli: mama aliyekatiwa maji, dereva aliyekwama kwenye foleni, mzee aliyepotelewa na mbwa, kibarua anayemlalamikia meya wake. Hakuna aliyemsahihisha Kifaransa chake. Mwaka 1986 ikaongezeka televisheni, bila kibali. Kwa watu waliokuwa na ajira chache mno, kiasi kwamba zaidi ya theluthi moja ya nguvukazi haikuwa na kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hicho ndicho kilichokuwa chombo pekee ambacho hakikuzungumza nao kutoka juu.

Tarehe 24 Februari 1991 mamlaka zilikamata mitambo ya televisheni hiyo. Mtaa wa Chaudron, wenye majengo ya ghorofa ya watu wa kipato cha chini mjini Saint-Denis, ukalipuka. Maduka yalivunjwa na kuchomwa, na watu wanane walikufa katika moto. Wanasiasa walikimbilia kulaumu vijana na picha za runinga. Wachache sana walijiuliza inakuwaje watu wafanye ghasia kwa sababu ya antena, kana kwamba wameporwa kitu cha mwisho walichonacho.

Mwaka mmoja baadaye jibu likatoka masandukuni. Sudre akawa rais wa mkoa kwa kuungwa mkono na Wakomunisti wa Vergès. Furaha haikudumu: Baraza la Dola, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, lilibatilisha uchaguzi huo kwa sababu vyombo vyake vya utangazaji vilimpigia kampeni, naye akazuiwa kugombea. Kura ziliporudiwa Juni 1993 jina lililoongoza orodha likawa la mkewe, Margie Sudre, daktari wa nusukaputi aliyezaliwa Vietnam. Akachaguliwa rais wa mkoa, na mwaka 1995 akaingia katika serikali ya Paris. Uamuzi wa mahakama ulikuwa sahihi. Mwenye kituo hawezi kuwa refa na mchezaji. Ila wapiga kura walionyesha kwamba wao hawakudanganywa na tangazo lolote, maana baada ya tangazo kufutwa waliirudishia Free Dom kiti cha urais.

Kusikiliza ni kazi moja, kutawala ni nyingine. Free Dom haikuwa na matawi wala makada, na kufikia 1998 nguvu yake ilikuwa imekwisha. Redio ilibaki, na watu bado wanapiga simu. Kiti cha mkoa kilikwenda kwa Paul Vergès mwenye umri wa miaka 73. Alikaa miaka kumi na miwili. Aliona mapema hatari ya mabadiliko ya tabianchi kuliko viongozi wengi wa Ulaya, na akajenga barabara ya Tamarins, kilomita 34 juu ya mabonde ya magharibi, iliyofunguliwa Juni 2009. Alitaka pia treni ya umeme ya kuunganisha miji ya pwani.

Treni hiyo haikujengwa. Mwaka 2010 mrengo wa kushoto uliingia duru ya pili umegawanyika, Vergès huku, Msoshalisti Michel Vergoz kule, na Didier Robert wa upande wa kulia akashinda. Aliifuta treni, fedha na nguvu akazielekeza kwenye barabara mpya ya pwani, iliyopangwa kupita baharini kukwepa majabali yaliyoanguka mwaka 2006 na kuua watu wawili. Daraja lake la kilomita 5.4 lilifunguliwa Agosti 2022. Kipande kilichobaki, kilichopangwa kujengwa juu ya tuta, kilikwama kwa kukosa mawe, kwa kuwa wananchi walipinga machimbo mapya, ikabidi mkoa na serikali kuu wakubaliane upya kukipitisha juu ya nguzo.

Jambo moja halikuguswa na yeyote: yale mabaraza mawili. Katiba ya Ufaransa ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2003, majimbo ya ng'ambo yaliruhusiwa kujitungia baadhi ya kanuni. Réunion peke yake ilitolewa nje, kwa shinikizo la seneta wake mwenyewe, Jean-Paul Virapoullé, aliyehofia kwamba kanuni za kisiwani zingekuwa ngazi ya kuelekea uhuru. Majimbo mengine ya ng'ambo, Martinique na Guyane, yaliunganisha mabaraza yao kuwa moja mwaka 2015. Réunion bado inalipa gharama za mawili. Naona hapo hofu ya miaka ya Debré ikiendelea kutawala hata baada ya Debré kuzikwa.

Juni 2021 Huguette Bello alimwangusha Robert. Bello ni mwalimu, mwanamke wa kwanza wa Réunion kuingia bungeni mwaka 1997, aliyelelewa kisiasa na chama cha Vergès kabla ya kukihama mwaka 2012. Alifanikiwa kuukusanya mrengo wa kushoto katika duru ya pili, akapata chini kidogo ya asilimia 52. Linalonisikitisha ni kwamba katika duru zote mbili zaidi ya nusu ya waliojiandikisha walibaki majumbani. Hakuna nervi aliyewazuia mlangoni.

Julai 2024, vyama vya kushoto vilipoongoza kwa viti katika Bunge la Ufaransa, jina la Bello likapendekezwa kwa nafasi ya waziri mkuu. Wasoshalisti hawakumkubali, naye tarehe 14 Julai akajiondoa, akarudi kwenye shughuli za Baraza la Mkoa mjini Saint-Denis.