Frankie Lymon na Suala la Umiliki wa Wimbo
Frankie Lymon, mzaliwa wa Harlem, alikuwa na miaka 13 tu wimbo "Why Do Fools Fall in Love" ulipompa umaarufu mwaka 1956, akiwa mwimbaji kiongozi wa The Teenagers, kundi la muziki wa duwopu. Mwaka uliofuata alitenganishwa na wenzake. Sauti yake ya kitoto ilivunjika, soko likamsahau. Alifariki mwaka 1968 kwa heroini.

Historia yake, hata hivyo, inasomeka vyema zaidi katika hati za usajili. Humo mtayarishaji George Goldner aliandikishwa kuwa mtunzi mwenza. Baadaye nafasi hiyo ikachukuliwa na mfanyabiashara Morris Levy. Mwaka 1992 mahakama ya New York iliwatambua waimbaji Herman Santiago na Jimmy Merchant kuwa watunzi pamoja na Lymon. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ilitengua uamuzi huo, si kwa kuwa hawakutunga, bali kwa kuwa walichelewa kushtaki: sheria iliwapa miaka 3 tu.